Tuzo ya taifa kwa wakongwe wa vichekesho, sarakasi na mazingaombwe: tuwape macho yao yakiwa bado yanaona

MtotoWaKaloleni (mwanzilishi wa uzi)

Wanajamvi, salamu. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

Jumapili nilikwenda kumwona mzee wangu Kaloleni, hapa Nairobi. Ana miaka 74. Juu ya friji yake, kati ya redio na kikapu cha dawa za sukari, kuna kipande cha kioo kilichochongwa mfano wa mwali wa moto. Hiyo ni tuzo. Alipewa miaka michache iliyopita kwenye hafla moja hapa jijini, ambayo sitaitaja, ya kuwaenzi wakongwe wa burudani. Jina lake limeandikwa na kasoro, herufi moja imerukwa. Walimpiga picha na mgeni wa heshima, wakampigia makofi, na saa nne usiku akatoka ukumbini peke yake, kioo amekifunga ndani ya koti, akaenda kusubiri matatu. Nauli ilitoka mfukoni mwake.

Yeye halalamiki. Kila asubuhi anakipangusa vumbi kwa kitambaa. Mimi ndiye nimeshindwa kunyamaza.

Kwa wasiomjua, na wengi hamumjui, mzee alikuwa mtu wa jukwaa kwa miaka 38. Si mwanamuziki, wala si mwigizaji wa filamu. Alizungusha sahani juu ya fito, akaendesha baiskeli ya gurudumu moja, akatoa leso kumi ndani ya ngumi tupu, na katikati ya hayo yote akawavunja watu mbavu kwa Kiswahili, Kikamba na Kijaluo. Alifanya kazi kwenye holo za Eastlands: Kaloleni, Pumwani, Bahati, Shauri Moyo. Akafanya kwenye maonyesho ya kilimo pale Jamhuri Park, kwenye shule za msingi siku za kufunga muhula, na msimu wa watalii akashuka Pwani kuchezea mahotelini. Watoto wa mtaani walimwita Baba Sahani, na mimi shuleni nikaitwa Kisosi.

Nataka mzione hizo sahani kwa karibu. Ni sahani za enameli, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu. Mzee huiweka sahani juu ya kidole gumba na kuisogeza kidogo kidogo mpaka iache kuegemea upande. Pale ilipotulia anapaweka alama kwa kijiti cha mkaa. Kisha anachukua msumari uliobutuka na nyundo ndogo, anagonga kishimo chenye ukubwa wa punje ya mtama. Ukigonga kwa nguvu, enameli inabanduka na sahani inayumba milele. Ukigonga kwa woga, ncha ya fito haishiki. Katika sahani kumi anaweza kupata sita. Fito ni ya mwanzi, ncha imepigwa msasa hadi ikawa kama penseli iliyotumika nusu. Sijawahi kukuta kitabu kilichoandika hayo. Yamo kwenye kidole gumba cha mzee mwenye sukari, na tangu mwaka jana vidole vyake vimeanza kufa ganzi.

Sasa hoja yangu. Mwanamuziki akizeeka ana kanda zake, hata kama hazimlishi. Mwigizaji wa filamu ana picha yake. Mtu wa sarakasi, wa mazingaombwe, mcheza ngoma, mchekeshaji wa holo, mfawidhi aliyeshikilia ukumbi saa tatu umeme ulipopotea, kazi yake inaisha makofi yanapoisha. Ndiyo maana tuzo zetu hazimwoni. Kisima zilianza 1994, zikawa za muziki. Kalasha za Tume ya Filamu zilianza 2009, na ni za filamu na televisheni. Zimefanya kazi nzuri kwa watu wao. Lakini niambieni, mzungusha sahani mnamwandikisha kwenye fungu lipi?

Naomba tuzungumzie tuzo ya taifa ya heshima ya maisha kwa watu hawa. Na nisieleweke vibaya: vioo tunavyo. Nataka tuzo yenye posho ya kila mwezi hadi mtu aingie kaburini, yenye kadi ya matibabu, na yenye fungu la kumlipa mzee afundishe vijana wawili watatu huku kamera inanasa mikono yake. Karibuni, hata wa kupinga.

BintiMajengo

Umenigusa ndugu yangu. Nyanya yangu alikuwa akitusimulia Pumwani Memorial Hall hadi tunasikia harufu ya njugu. Wanawake walivaa leso mpya kwenda kuwatazama wachekeshaji, na ukichelewa unasimama dirishani.

Mimi nikisikia habari hizi namkumbuka Mzee Ojwang'. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na alikizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo hadi watu wakaamini ametoka Nyanza. Nchi nzima ilikaa sebuleni kumngoja yeye na Mama Kayai kwenye kipindi cha televisheni cha Vitimbi. Uzeeni macho yakamsumbua, na ni Wakenya wa kawaida waliochangishana atibiwe. Alifariki tarehe 12 Julai 2015. Siku hiyo kila mtu alikuwa na la kusema, viongozi na wasio viongozi. Nilikuwa kwenye matatu ya kwenda Umoja, kondakta akazima muziki mwenyewe bila kuombwa.

Kama yule, ambaye uso wake ulijulikana hadi kijiji cha mwisho, alihitaji mchango wa harambee kwa ajili ya macho, baba yako atafanyaje?

FundiTaa

Nimefunga taa za majukwaa miaka mingi hapa mjini, naomba niongeze jambo moja la kazi.

Tembea Barabara ya Harry Thuku siku moja. Upande mmoja una Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho, uliofunguliwa 1952. Hatua chache tu, una shirika la utangazaji la KBC, lile lililokuwa Sauti ya Kenya hadi 1989. Ndani ya kipande hicho cha barabara ndiko burudani yetu ya umma ilikolelewa. Kipanga, Mzee Pembe, Tamaa bin Tamaa, halafu kundi la Vitimbi na la Vioja Mahakamani. Hao angalau televisheni iliwashika.

Lakini kila onyesho lilikuwa na mtu wa kujaza nafasi. Pazia limefungwa, mafundi wanabadilisha jukwaa, kuna dakika nane za kuua. Anatumwa mtu mbele ya pazia, hana maikrofoni, hana mandhari, ana mikono yake na mdomo wake. Kutoka kwenye kibanda cha taa mimi namwekea duara moja la mwanga, basi. Nimeona watu wakizishika dakika hizo nane zikawa kumi na tano, na watazamaji wakasikitika pazia lilipofunguka. Kwenye karatasi ya programu jina lake halimo. Tafuta kwenye kumbukumbu za ukumbi wowote, humpati. Msipowaweka hao kwenye tuzo, mtakuwa mmetengeneza tuzo nyingine ya watu wenye majina.

MlipaKodi

Mimi nitapinga, na napinga kwa heshima, sina ubaya na mzee.

Hospitali tunazozijua hazina dawa. Wazee wa kawaida wa miaka 70 na zaidi wanapewa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, na mara nyingi zinachelewa. Mama yangu aliuza mboga soko la Wakulima miaka arobaini. Alilisha watu wengi kuliko waliowahi kuchekeshwa na mtu yeyote. Mbona yeye asipewe tuzo na posho? Kwa nini msanii awe na haki ya pekee kwenye kodi yangu? Na kila mtu alijua kazi aliyochagua haina pensheni.

MtotoWaKaloleni

MlipaKodi, asante kwa kusema waziwazi. Mama yako anastahili, na siku ukianzisha uzi wake nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Sisemi mzee wangu ana thamani kuliko yeye.

Nikujibu kwa hesabu kwanza. Tuseme nchi nzima tunachagua watu 100, na kila mmoja tunampa shilingi 15,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 1.5 kwa mwezi, milioni 18 kwa mwaka. Na kuna Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii tangu 2018, wenye neno sanaa ndani ya jina lake. Siombi dawa ziondolewe hospitalini.

La pili ni hili. Huyu mzee na wenzake walitumiwa na nchi. Sikukuu za taifa waliitwa. Mgeni wa serikali akishuka uwanja wa ndege waliitwa. Shule ikitaka kufunga muhula kwa furaha waliitwa. Walilipwa kwa siku, tena pesa ya soda na nauli, kwa sababu kila aliyewaita aliwaambia ni heshima kuitumikia nchi. Walikubali. Hesabu ya heshima hiyo ndiyo nataka ilipwe.

Na la kuchagua kazi isiyo na pensheni ni kweli alilichagua. Aliwahi kuniambia, "Kijana, mimi nilikuwa kibarua wa reli kwa miezi sita. Nikawa naota sahani." Sijui nikujibu vipi zaidi ya hapo.

MruukajiMstaafu

Nimesoma uzi huu mara mbili ndipo nikajiandikisha. Mimi ni mwanasarakasi, au nilikuwa.

Nilianzia uwanjani Mathare, juu ya magunia ya maranda ya mbao, kabla sijawahi kugusa godoro la mazoezi. Baadaye nikafika Ngara, pale palipokuwa sinema ya Shan, ambapo watu wa shirika la Sarakasi wameweka makao yao. Wao walianza 2001, na vijana wengi wa Eastlands wamepitia mikononi mwao hadi majukwaa ya Ulaya. Nawashukuru na nitawashukuru daima. Lakini kabla yao kulikuwa na wazee waliofundisha mitaani bure. Aliyenifundisha mimi piramidi ya watu alikuwa akisimama chini kabisa, mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa kidogo, na watu sita juu ya mabega yake. Alituambia: ukiwa chini usitazame juu, ukitazama juu shingo inafunguka na wote wanaanguka. Tazama mtu mmoja aliye mbele yako, mhesabie pumzi zake. Hadi leo nikiona watu wamepandana nahesabu pumzi bila kujua.

Nilifanya kazi nje miaka kumi na moja, mikataba ya miezi sita, nane. Maonyesho mawili kwa siku, Jumamosi matatu. Kuna kampuni moja ilinirudisha nyumbani nikiwa na bega lililochomoka na tikiti ya ndege, basi. Sikuwa na bima. Nilikuwa na miaka 33, na kwenye kazi yetu huo ni uzee. Mwanamuziki wa miaka 70 bado anaweza kukaa kitini akapiga gitaa. Mimi wa miaka 51 siwezi kupanda ngazi ya ghorofa ya tatu bila kushika ukuta.

Kwa hiyo nataka kuuliza: hiyo tuzo itahesabu maisha kuanzia miaka mingapi? Mkiweka 65, wengi wetu mtatukuta tumeshakunjika. Kwa mwanasarakasi hesabuni miaka ya jukwaani na majeraha, umri wa kitambulisho muuache.

Monte Carlo wana tamasha lao la sarakasi tangu 1974, aliloanzisha Mwanamfalme Rainier wa Tatu, na wanatoa tuzo ya Mchekeshaji wa Dhahabu. Kwenye vyumba vya kubadilishia nguo huko nje tulikuwa tukiizungumzia usiku kucha. Nilikuwa najiuliza, hivi kwetu nyumbani ni nani angejua nimefanya nini?

MtotoWaKaloleni

Kaka, hilo la umri sikulifikiria hata kidogo. Umenirekebisha. Tuandike miaka 20 ya jukwaani, bila kikomo cha umri.

JiraniWaJericho

Wazo zuri, ila nawaambia mapema litakufia wapi: kwenye kamati. Tunajua nchi yetu. Itaundwa kamati, mwenyekiti atakuwa rafiki wa mtu, na mwaka wa kwanza watatuzwa waliopanda jukwaa la kampeni. Mchekeshaji aliyemcheka mkubwa hatatajwa. Wale vijana watatu wa Redykyulass walimwigiza Rais Moi kwenye televisheni akiwa bado Ikulu, na watu tukatazama tukiwa tumeshika roho. Kamati ya wakati ule ingewapa tuzo?

Tena kuna swali la ushahidi. FundiTaa kasema jina halimo kwenye programu. Sasa mtu atathibitishaje miaka 20? Kila mtu atakuja na hadithi yake. Mimi mwenyewe nilicheza ngoma darasa la saba.

MruukajiMstaafu

Ushahidi upo, shida wanatafuta ule wa watu wa ofisini. Angalia pasipoti: mihuri ya nchi na tarehe. Angalia mwili: daktari akitazama bega langu kwenye eksirei anajua nilikuwa nafanya kazi gani. Na angalia wanafunzi. Ukinileta mbele ya kamati na ukaleta vijana kumi niliowafundisha, kila mmoja peke yake, ukawauliza mzee alikuwa anawaambia nini kabla ya kuruka, wote watasema neno moja. Hilo huwezi kughushi.

KasukuWaLangata

Nimesoma Japani miaka minne, niwape mfano ambao unaweza kusaidia kwa yote mawili, kamati na ushahidi.

Wenzetu wana sheria ya 1950 ya kulinda mali za utamaduni, na chini yake wanawatambua watu wanaoitwa hazina hai za taifa. Kwa muda mrefu nilidhani ni za wafinyanzi na wafuma vitambaa na waigizaji wa tamthilia za kale tu. Lakini 1995 walimtambua mchekeshaji. Kuna sanaa yao inaitwa rakugo: mtu mmoja amepiga magoti juu ya mto wa kukalia, ana kipepeo cha kujipepea na kitambaa basi, anasimulia kisa cha kuchekesha akiigiza sauti zote. Aliyetambuliwa kwanza ni Yanagiya Kosan wa tano, na mwaka uliofuata Katsura Beicho. Wachekeshaji, wakawekwa safu moja na mafundi wa panga na udongo.

Kila mmoja hupewa yen milioni 2 kwa mwaka. Na pesa hiyo haihesabiwi kama zawadi ya kustaafu. Ni ya kuendeleza ujuzi na kulea warithi. Korea Kusini wana sheria yao ya 1962 inayofanana na hiyo, na ndio waliopeleka wazo UNESCO mwaka 1993, likaitwa Hazina Hai za Binadamu.

Marekani nao wana tuzo ya ucheshi yenye jina la Mark Twain, tangu 1998, na wa kwanza kuipokea alikuwa Richard Pryor. Ila ile ni ya mtu ambaye dunia inamjua tayari. Kwa haja ya uzi huu naona ya Japani inatufaa zaidi, maana inauliza swali tofauti. Haiulizi fulani ana jina kiasi gani. Inauliza akifa leo, ni nini kitakufa naye?

MtotoWaKaloleni

Kasuku, nimekaa na swali lako hilo la mwisho tangu jana usiku.

Kumbe hata lile la kamati linapata jibu hapo. Kamati ya kupima umaarufu inaweza kuwa ya mtu yeyote, ndiyo maana inaharibika. Lakini kamati ya kupima ujuzi lazima iwe na watu wa kazi. Mweke MruukajiMstaafu mbele ya mtu anayedai alikuwa mwanasarakasi, dakika tano tu atajua. Mweke FundiTaa. Mweke mama aliyecheza ngoma miaka thelathini. Mwanasiasa anaweza kuja siku ya kukabidhi, apige picha, hilo halitudhuru.

Na kuhusu sheria, hatuanzii sifuri. Ipo Sheria ya Nishani za Taifa ya 2013, hizi HSC na OGW zinazotangazwa kila tarehe 12 Desemba. Ipo Sheria ya Mashujaa ya 2014 yenye Baraza lake. Nishani inakupa herufi tatu baada ya jina, na mzee wangu angezipenda sana, sitaki kudanganya. Angeandika hadi kwenye mlango. Lakini herufi hazinunui insulini. Ninachotaka ni milango hiyo ifunguliwe kwa watu wa jukwaa wasio na kanda, kisha posho ya mafunzo ifuate.

DadaWaNgoma

Nimesubiri kuona kama kuna atakayetutaja. DadaWaNgoma hapa, miaka 61.

Tumesimama uwanja wa ndege tangu saa kumi na mbili asubuhi, miguu pekupeku kwenye lami, tukimngoja mgeni wa saa nane. Lami ya saa saba mchana ni kikaango. Ulikuwa huwezi kuhama kivulini kwa sababu msafara unaweza kufika wakati wowote. Ndege ikitua unaanza kucheza na unatabasamu. Mgeni anapita, dakika moja na nusu. Kisha lori linawarudisha mjini. Wanaume wa kikundi, wapiga ngoma, walikuwa na jina la kikundi kwenye vitabu. Sisi wanawake tuliandikwa kwa idadi: wachezaji kumi na wawili.

Kuna picha moja ya magazeti ya zamani, kiongozi mkubwa wa nje anapungia mkono, na nyuma yake ni mimi. Uso wangu wote unaonekana. Chini wameandika jina lake, la mwenyeji wake, na "wachezaji ngoma". Nimeikata nikaiweka ndani ya Biblia.

Mkitengeneza hiyo tuzo, andikeni kwenye sheria kabisa kwamba nusu ni wanawake. Msipoandika tutasahauliwa tena, hata na nyinyi wema.

BintiMajengo

Mama, shikamoo. Hiyo picha tafadhali usiiache ndani ya Biblia peke yake, ipige kwa simu uihifadhi.

DadaWaNgoma

Marahaba mwanangu. Mjukuu atanisaidia.

MlipaKodi

Nimerudi. Sijabadilika kabisa, bado naona posho ya kudumu ina hatari yake, kila kundi litataka yake. Lakini hili la kufundisha nimelielewa. Mtu akilipwa kwa kuwa anafundisha, hiyo ni kazi, na mimi sina tatizo na kodi yangu kulipa kazi. Milioni 18 kwa nchi nzima si pesa za kutisha. Na yule mama wa uwanja wa ndege amenifanya nifikiri. Mimi nilikuwa mtoto wa shule kando ya barabara na kibendera, tulikuwa tunamtazama mgeni. Sikumbuki hata mchezaji mmoja.

Swali langu ni moja: nani atatunza hizo video? Tusije tukarekodi, halafu zikapotea kwenye simu ya mtu.

FundiTaa

Swali zuri kuliko yote. Nimeona mikanda ikioza kwenye stoo yenye unyevu kwa sababu hakuna aliyekuwa na ufunguo. Ushauri wangu: nakala tatu, sehemu tatu, na moja iwe kwa familia ya msanii. Na kabla ya kurekodi, kuwe na karatasi iliyosainiwa inayosema haki za mwigizaji ni zake. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji na mchezaji, si mtunzi peke yake, na kuna chama cha haki za waigizaji. Msiwarekodi wazee halafu video ikaanza kuingizia mtu mwingine pesa.

JiraniWaJericho

Sawa, nimeelewa. Ila kungoja Bunge ni kungoja sana. Baba yako vidole vinakufa ganzi sasa hivi.

MtotoWaKaloleni

Jirani, umesema kweli, na ndiyo sababu nimerudi.

Jana jioni nilimsomea mzee uzi huu wote, kuanzia juu. Alinyamaza muda mrefu kwenye lile la DadaWaNgoma. Kwa MruukajiMstaafu akacheka, akasema anawajua watu wa magunia ya maranda, kwamba walikuwa wanakohoa vumbi hadi usiku. Kwenye habari ya Mjapani wa mto na kipepeo akataka nirudie mara mbili. Akauliza, "Na yule anafundisha bado?" Nikamwambia alifariki 2002. Akauliza, "Wanafunzi wake wapo?" Nikamwambia nadhani wapo wengi. Akatikisa kichwa, akainuka, akaenda chumbani. Nilisikia anasukuma kitu chini ya kitanda. Akatoka na sanduku la mbao ambalo sijaliona tangu nikiwa na miaka kumi na tano.

Sahani nne nzima, mbili zimebanduka. Fito tisa.

Alijaribu moja. Ilizunguka, ikayumba, akaishika kabla haijaanguka. Akasema kidole gumba hakisikii vizuri kishimo kilipo, itabidi mtu mwingine akishike kwa niaba yake. Nikaweka kidole changu. Akaushika mkono wangu kwa nyuma, akawa ananisogeza, "bado, bado, kidogo kushoto, hapo." Nina miaka 43 na sikuwahi kufundishwa, kwa sababu nilikuwa naona haya kuitwa Kisosi.

Kwa hiyo Jumamosi hii, saa nne asubuhi, Kaloleni Social Hall. Nimeongea na wanaoshika ufunguo, tumepewa hadi saa nane. FundiTaa amenipigia, analeta kamera mbili na karatasi za kusaini. Mwenye mzazi au jirani aliyewahi kuwa mtu wa jukwaa, mlete. Awe na pasipoti, picha, kipande cha gazeti, mwanafunzi wake, chochote. Tutaandika majina yote, jina kamili, kila herufi mahali pake, na orodha hiyo ndiyo tutakayoipeleka kwa Baraza la Mashujaa pamoja na barua.

DadaWaNgoma, tafadhali njoo na ile picha.

DadaWaNgoma

Nitakuja. Ngazi ziko ngapi pale mlangoni?

MtotoWaKaloleni

Si nyingi, mama, na tutakuwa wawili wa kukushika mkono. Panda matatu ya Jogoo Road, ushuke pale uwanja wa Joe Kadenge. Nitakuwa nimesimama barabarani na sahani moja mkononi, utanijua.

MruukajiMstaafu

Naja na vijana wangu sita. Mwambie Baba Sahani aandae mahali pa chini penye nafasi, na dari isiwe karibu.